Mtoto wa dada yangu na jimnastiki: aende Afrika Kusini au abaki Lubumbashi?

Tanti_Kampemba
Jambo wote. Ninalea binti wa marehemu dada yangu hapa Kampemba. Anafanya jimnastiki tangu miaka sita. Kocha wake alituma video zake kwa klabu moja ya Afrika Kusini na wamekubali kumpokea Januari: bweni, shule, mazoezi saa ishirini kwa juma. Kuna bwana anayeshughulika na karatasi, anataka jibu kabla ya Ijumaa. Tangu juzi silali. Hapa mtoto anaruka juu ya saruji iliyotandikwa magodoro, boriti yake, ule ubao mwembamba wa kujisawazisha juu yake, tulichongesha kwa seremala. Nimwachilie, au amalize sekondari kwanza? Ndoto yake ni kuvaa rangi za Kongo kwenye Olimpiki.

Fundi_Katuba
Tanti, kabla ya safari tuongee boriti. Ya mashindano ina urefu wa mita 5, upana sentimita 10, kimo sentimita 125. Watu wanachonga upana wa 15 ili mtoto asiogope, kisha mguu unazoea mahali ambapo hapatakuwepo siku ya mashindano, na kila kuanguka kunakata pointi 1 nzima. Chonga 10 kamili, ila iweke chini, sentimita 30 hivi kutoka sakafuni. Kingo zilainishwe kwa randa na msasa, juu uvike sponji nyembamba na kitambaa kisichoteleza. Vanishi hapana: jasho na magnezi, ule unga mweupe wa kukausha mikono, juu ya vanishi ni utelezi mtupu. Mbao iwe imekauka kweli, la sivyo itapinda na kuanza kuyumba kwenye miguu yake.
Na hayo magodoro ya kitanda yaondoe. Mguu unazama, kifundo kinapinda kabla ya kufika chini. Kutua kunataka sponji ngumu.

Mama_Ruashi
Asome kwanza. Mwili wa jimnastiki unaumia siku moja, diploma haivunjiki. Yatima anatakiwa kulindwa mara mbili.

Mwalimu_BelAir
Diploma na jimnastiki vinaweza kwenda pamoja, mradi bweni lina shule ya kweli. Tanti, ana miaka mingapi? Kwa wasichana ngazi ya wakubwa inaanza mwaka ule anaotimiza 16. Mengine yote yanafuata hapo.

Tanti_Kampemba
Umri wake unatosha. Hata nguvu zinatosha, anaruka Yurchenko, ule mruko mgumu wa mezani. Ninachouliza ni kuhusu klabu na shule.

Mwalimu_BelAir
Unatosha kwa nini? Taja mwaka wa kuzaliwa, Tanti.

Tanti_Kampemba
Sawa, niseme. Alizaliwa Machi 2012. Pasipoti inayotengenezwa itaandikwa Machi 2010. Yule bwana anasema akiingia kwa wakubwa mapema atapata mashindano mengi ya Afrika kabla ya Los Angeles 2028. Nimeshalipa dola 400, nusu ya bei. Kitabu chake cha hospitali kilipotea tulipohama, na hapa watoto wangapi wanapata karatasi kwa hukumu ya mahakama, miaka kadhaa baada ya kuzaliwa? Miaka miwili si wizi. Sijachukua cha mtu.

Kijana_Kamalondo
Mimi huu uzi siuamini. Yurchenko ni rondadi (kujigeuza kwa mikono na kutua kwa miguu yote miwili) juu ya ubao wa springi, flikiflaki (kujirusha kinyumenyume kupitia mikono) mpaka kwenye meza ya kurukia, kisha salto (kupinduka hewani). Meza ya wasichana ina kimo cha sentimita 125, na ubao lazima uzungushiwe kola ya usalama, yaani sponji la kukinga miguu. Mashindanoni bila kola unapewa sifuri. Mtoto anafanya hayo kwenye saruji na magodoro ya kitanda? Angeshavunjika shingo. Halafu umri unatoka kidogo kidogo. Naona ni yule bwana wa karatasi mwenyewe anapima kama watu watakubali.

Mama_Ruashi
Kweli, hata mimi nimeanza kushuku.

Tanti_Kampemba
Nilisema vibaya, mnisamehe. Anafanya rondadi kwenye ubao, flikiflaki, anaangukia mgongo juu ya rundo la matrasi linalomfika kifuani. Salto bado. Kocha ndiye analiita Yurchenko.

Fundi_Katuba
Kijana, hilo ndilo zoezi lenyewe la kufundishia, hatua ya mwanzo. Mtunzi wa hadithi angempa salto. Ninamwamini.

Mwalimu_BelAir
Nami pia, kwa hiyo sikiliza, Tanti. Shirikisho la dunia, lile la Lausanne, linatoa leseni kwa nakala ya pasipoti, na ombi linatoka kwa shirikisho la nchi. Yule bwana hana mlango huko. Tarehe ikiingia, inamfuata maisha yote. Dong Fangxiao wa China alishindana Olimpiki ya Sydney 2000 kama mzaliwa wa 1983. Beijing 2008 alikwenda kufanya kazi kwenye meza ya waamuzi, na karatasi yake ikasoma 1986. Mwaka 2010 timu nzima ilinyang'anywa medali ya shaba ya Sydney, ikapewa Marekani. Korea Kaskazini walimwandikisha Hong Su-jong kwa miaka mitatu tofauti, 1985, 1986 na 1989. Nchi yote ikafungiwa, London 2012 wakaikosa. Kwetu, ambako wachezaji ni wa kuhesabu, kufungiwa ni kuwafungia mlango na wadogo zake.

Kinachoniuma zaidi ni mwili. Kocha wa Afrika Kusini atasoma 2010 na kumpa mzigo wa msichana wa miaka 16. Mifupa ya kifundo cha mkono bado inakua, na kwenye flikiflaki mikono inabeba uzito wote. Sehemu inayokua ikichoka, maumivu hayaponi kwa mafuta ya kuchua. Anapumzika miezi, au mfupa unakua vibaya.

Na hesabu yenyewe: mzaliwa wa 2012 anatimiza 16 mwaka 2028. Anaruhusiwa bila kuongezwa hata siku moja. Kwa Olimpiki ya Paris, ubingwa wa kila bara wa 2024, mwaka uleule, ulitoa nafasi moja kwa wanawake. Akikosa, haraka ya nini? Oksana Chusovitina alizaliwa 1975, Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa 1992, ya nane Tokyo, akiwa na miaka 46.

Kijana_Kamalondo
Tanti, samahani kwa maneno yangu. Lakini zile dola 400?

Tanti_Kampemba
Nimempigia. Karatasi bado hajaipeleka, pesa anasema hazirudi. Kesho asubuhi nakwenda kuchukua picha za mtoto, na klabu nimewaandikia mwaka wa kweli. Wamejibu watampokea kwenye kundi la wadogo. Mwalimu, ile hukumu ya mahakama ya watoto, ya kupata karatasi yenye mwaka wa kweli, nianzie Likasi alikozaliwa au hapahapa? Shahidi niliye naye ni mkunga mmoja tu, mzee sana, na yuko Likasi.