Tupeane uzoefu: programu huria, chanzo wazi cha makampuni, na gemu zisizomfunga mchezaji

Mwanzilishi wa mada, Kampala

Ndugu zangu, salaam. Richard Stallman, mwanaprogramu wa Marekani, alipotangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kutengeneza programu huria, alichotaka ni uhuru wa mtumiaji: aitumie programu kwa shughuli yoyote, aichunguze, aibadili na amgawie jirani yake. Walioanza kulitangaza jina la chanzo wazi, yaani programu ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa wote, mwaka 1998 waliona kwamba wafanyabiashara hushawishika zaidi kwa ubora na unafuu kuliko kwa maadili, na hawakukosea, kwani leo wengi wanaoandika kiini cha Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, hulipwa na makampuni makubwa. Hata hivyo, kinachotolewa kwa hesabu ya faida huweza kuzuiwa kwa hesabu hiyohiyo. Terraform, zana ya kusimamia seva, ilibadilishiwa leseni ikawekewa masharti makali zaidi mwaka 2023, na Redis, programu ya kuhifadhi data, mwaka 2024, na wasioridhika wakachukua msimbo wa awali wakauendeleza kwa majina ya OpenTofu na Valkey. Naomba visa vyenu wenyewe, vya kazini au vya gemu.

Mchangiaji, Arua

Mimi nina chumba cha gemu chenye kompyuta kuukuu zilizounganishwa kwa nyaya. Intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, gemu ambazo nilikuwa nimezilipia kwa fedha halali zilikataa kufunguka, kwa kuwa kila zinapowashwa hutaka kwanza kuuliza seva ya mwenye mali kama mimi ni mteja wake. Gemu huria za SuperTuxKart na 0 A.D. hazikumuuliza mtu chochote. Vijana walishindana ndani ya chumba mpaka usiku, na waliotaka nakala niliwawekea kwenye flashi bila kuvunja sheria yoyote. Picha za gemu hizi huria si za kuvutia kama za gemu za mamilioni ya dola, na wateja wangu hawachoki kunikumbusha. Ila tangu wakati huo sinunui tena gemu isiyoweza kuchezwa bila mtandao.

Mchangiaji, Gulu

Naomba nipingane kidogo na mwenye mada. Mimi ni karani wa takwimu katika kituo cha afya, na ripoti zetu huingia katika DHIS2, programu ya kukusanya takwimu za afya, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutolewa kwa leseni ya BSD, ambayo humruhusu hata mfanyabiashara kuichukua na kuufunga msimbo wa nakala yake. Watetezi wa programu huria wenye msimamo mkali huiona leseni hiyo kuwa legelege. Kwetu kilicho muhimu ni kwamba Wizara haihitaji kununua leseni kwa kila kituo, na mafundi wa hapahapa Uganda wanaweza kuirekebisha. Uhuru usiokuwa na fundi wa kuutumia unamfaa nani?

Mchangiaji, Jinja

Ninatengeneza gemu ya omweso, bao la Uganda lenye mashimo 32 na kete 64, kwa kutumia Godot, programu huria ya kutengenezea gemu. Mwaka 2023 kampuni ya Unity, yenye programu kama hiyo isiyo huria, ilipotangaza kwamba itatoza ada kulingana na idadi ya mara gemu inavyosakinishwa, wenzangu wengi walianza kupiga hesabu kwa hofu. Ada hiyo ilifutwa mwaka uliofuata, lakini imani haikurudi kirahisi. Godot ina leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadili, kwa hiyo hakuna anayeweza kuninyang'anya toleo nililonalo. Kinachonitatiza ni michoro na sauti. Msimbo wa gemu ya zamani ya Doom ulitolewa mwaka 1997, ukapewa mwaka 1999 leseni ya GPL, inayomtaka anayegawa programu aliyoibadili atoe msimbo wake pia, lakini picha na ramani zake hazikuachiwa, ndiyo maana mradi wa Freedoom ulilazimika kuchora kila kitu upya. Nifungue msimbo tu, au vyote?

Mwanzilishi wa mada, Kampala

Dada wa Jinja, ukitaka wengine waweze kuiendeleza gemu yako yote, toa msimbo kwa GPL, na michoro na sauti kwa leseni ya Creative Commons inayodai kutajwa kwa mtunzi na kugawa kwa masharti yaleyale. Usisahau jina, kwa sababu leseni hizi hazilihusu. Mwaka 2010 jina la Nexuiz lilipokabidhiwa kampuni ya kibiashara, waliokuwa wakiitengeneza gemu hiyo huria walibaki na msimbo, wakaanza upya kwa jina la Xonotic, ambayo inachezwa hadi leo. Kwa hiyo kabla hujaitangaza, amueni kwa maandishi, wewe na wenzako, jina la gemu ni mali ya nani.