Naomba ushauri: faneli gani inafaa kubadilishia oili nyumbani bila kuchafua uwanja?

Premio_Tororo:
Habari zenu wakubwa. Niko Tororo, gari langu ni Toyota Premio ya injini ya 1NZ-FE. Nimeamua kuanzia sasa oili nabadilisha mwenyewe nyumbani, kwa sababu nataka galoni ifunguliwe na mkono wangu na sili nione ikikatika. Pale ninapoosheshea gari wanapima oili kwa jagi kutoka kwenye pipa, na ukiuliza ni aina gani unaambiwa "hii ndiyo wote wanaweka". Sitaki tena.

Shida ni uwanja. Nyumba ni ya kupanga, na mwenye nyumba ametandika matofali ya peva juzi juzi. Jirani alimwagia oili ya pikapu yake pale langoni. Doa lipo mpaka leo, jeusi, na mvua zote hizi hazijalitoa. Tumeshaambiwa wapangaji wote: atakayechafua atang'oa peva na kununua nyingine.

Kwa hiyo nauliza. Dukani nimeona faneli za plastiki, za bati, na zile zenye shingo ndefu inayopinda. Ipi nichukue? Chupa ya maji iliyokatwa haitoshi? Na ile oili inayochuruzika ukifungua filta mnaizuiaje?

Fundi_Ndeeba:
Karibu ssebo. Faneli nitaifikia, ila kwanza tuanze chini ya gari, maana huko ndiko uwanja unakoharibikia. Juu ukikosea utamwaga kijiko. Chini kuna zaidi ya lita 3 za oili ya moto na nyeusi zinazotoka kwa kasi.

Tafuta jerikani ya njano ya lita 20, ile ya mafuta ya kupikia. Ilaze ubavu, kisha kata dirisha kubwa kwenye ubavu wa juu, lakini mdomo wake uache na kifuniko chake. Hapo umepata beseni pana la kukingia, na ukimaliza unafungua kifuniko na kumimina kupitia mdomo uleule. Beseni la kufulia halina mdomo, ndiyo maana watu wanamaliza kazi vizuri halafu wanamwaga wakati wa kuhamisha.

Washa injini dakika chache tu oili ilainike, usingoje ichemke, itakuunguza. Spana ni namba 14. Bolti ikishalegea, izungushe kwa vidole huku unaisukuma ndani kama vile unairudisha. Ukihisi nyuzi zimeisha, ivute pembeni kwa haraka. Oili ya kwanza haianguki wima, inaruka mbele kwa nguvu, kisha kadiri inavyopungua inarudi nyuma mpaka inadondoka chini ya tundu lenyewe. Basi dirisha la jerikani lielekee upande oili inakorukia, na mkono wako uwe tayari kulisogeza. Siku ya upepo ule uzi mwembamba wa mwisho unapeperushwa, kwa hiyo tandika maboksi yaliyofunguliwa eneo kubwa kuliko unavyodhani unahitaji.

Sista_Spea_Jinja:
Mimi nauza spea, niseme ninavyojua kuhusu faneli.

Ya bati iache. Ikikaa na unyevu inashika kutu kwenye maungio, na kutu hiyo inaingia kwenye injini pamoja na oili yako nzuri. Yenye shingo ya kupinda inasaidia pale mdomo wa injini umejificha, ila Premio yako mdomo uko juu, wazi kabisa, huihitaji. Tena ile mikunjo ya shingo inahifadhi oili ya zamani na vumbi, na kuisafisha ni kazi kubwa.

Chukua ya plastiki ngumu, mdomo mpana, shingo isiyozidi urefu wa kiganja. Kabla hujalipa, ipindue uangalie shingo kwa nje. Nzuri ina mbavu ndogo zilizosimama. Mbavu hizo zinaizuia faneli isizibe tundu lote, hewa ya ndani ipate pa kutokea. Faneli ikiziba tundu, hewa inakosa njia, oili inajaa juu, halafu hewa inatoka kwa mkupuo na kukurushia oili mpaka kwenye manifoldi, yale mabomba ya moshi yanayotoka kwenye injini. Wengi wanailaumu mikono yao kumbe ni hewa. Kama uliyo nayo haina mbavu, inyanyue kidogo tu unapomimina, au pachika kijiti safi cha plastiki kati ya shingo na tundu.

Chupa ya maji inafanya kazi ya dharura. Ubaya wake, ukiikata kwa kisu inaacha vinyuzi vya plastiki pembeni, shingo yake ni fupi kwa hiyo inayumba, na ndani mara nyingi kuna matone ya maji. Faneli nzuri ina bei ndogo kuliko lita moja ya oili. Nunua tu kaka.

Dereva_Malaba:
Sista amesema kweli tupu. Naongeza namna ya kushika galoni. Wengi wanaishika mdomo ukiwa upande wa chini, karibu na faneli, wakidhani ndiyo usalama. Igeuze, mdomo uwe upande wa juu unapoiinamisha. Hewa inaingia juu ya oili, na oili inatoka laini bila kugugumia. Jaribu kwanza na galoni ya maji utaona tofauti.

Kwa filta mimi natumia kavera, yaani mfuko wa plastiki. Legeza filta robo mzunguko tu, kisha ivishe kavera nene mpaka juu, uikamate kwa nje na kuendelea kuifungua humo humo. Inachuruzikia ndani ya kavera na inatoka nayo. Kama chini ya filta kuna chuma cha fremu, kata kipande cha plastiki kutoka jerikani ya lita 5, kikunje kiwe mfereji, ukiegemeze pale oili ishuke moja kwa moja kwenye beseni. Filta ikitoka, angalia mpira wake umetoka nayo. Ukibaki umeganda kwenye injini, ukafunga filta mpya juu yake, mipira miwili haikazi. Oili yote itatoka ukiwa barabarani.

Mjomba_Bombo:
Mwanangu, hawa wote wamekufundisha kuokoa peva. Mimi naongea juu ya kifua chako. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Weka stendi mbili za chuma, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, vuta hendibreki. Na matofali usiyaamini, yanapasuka bila kukuaga.

Oili chafu usitupe. Paka nguzo za ua, mchwa hatazigusa. Sisi tumefanya hivyo tangu zamani.

Sista_Spea_Jinja:
Mzee wangu, kwa jeki nakuunga mkono kwa asilimia 100. Kwa nguzo naomba tutofautiane kwa heshima. Mvua ikinyesha oili hiyo inashuka ardhini, na kwenye viwanja vyetu vidogo ua uko hatua chache kutoka kwenye mboga au kisima. Oili iliyotumika ina masizi na chembe za vyuma vilivyosagika ndani ya injini. Ndiyo maana hata mikononi tunashauri glavu, maana ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka inaweza kuleta saratani. Watoto wanacheza kwenye nguzo hizo hizo.

Na mtaroni ni vibaya zaidi. Angalia Kampala: mtaro wa Nakivubo unapita kati ya jiji na kumwaga maji yake kwenye ghuba ya ziwa Victoria, ghuba ileile ambayo National Water, shirika la maji la Uganda, wanavuta maji ya mtambo wa Ggaba. Anayemimina oili mtaroni mjini anaiweka kwenye njia ya kurudi jikoni kwake.

Mjomba_Bombo:
Binti, hapo kwa watoto umenishika. Sasa aipeleke wapi?

Fundi_Ndeeba:
Airudishe kwenye galoni ileile iliyokuja na oili mpya, akitumia faneli ya pili. Nasisitiza, ya pili. Ziandike kwa kalamu ya maka, "MPYA" na "CHAFU", zisikutane kamwe. Galoni ikijaa aipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia, ziko nyingi. Asiichanganye na maji, petroli wala oili ya breki, maana ikishachanganywa hata wanaokusanya hawaitaki.

Faneli ya mpya ukimaliza ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ifunge ndani ya kavera safi, itundike. Vumbi la marramu likinata kwenye oili iliyobaki shingoni, safari ijayo unaliosha lote kuingia kwenye injini. Kwangu mimi, heri kumwaga tone nje kuliko kupitisha mchanga kwa faneli chafu. Kabla ya kufungua kifuniko cha injini pia, pangusa pembeni yake.

Premio_Tororo:
Mmenifungua macho, sikujua hata mambo ya hewa. La mwisho: niweke oili yote ya galoni ya lita 4?

Fundi_Ndeeba:
Hapana. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Paka mpira wa filta mpya oili kidogo kwa kidole, funga kwa mkono tu, mpira ukigusa ongeza robo tatu ya mzunguko. Weka washa mpya (kile kiringi cha kuzibia) kwenye bolti ya chini. Mimina lita 3 na nusu, washa injini dakika moja, chungulia chini kama kuna tone. Zima, subiri dakika tano, pima kwa kijiti cha kupimia oili, halafu ongeza kidogo kidogo. Inayobaki hamishia kwenye chupa safi na kavu, ifunge, ni ya kuongezea.

Boda_Arua:
Samahani wakubwa kuingilia uzi wa magari. Sisi wa pikipiki je? Tundu la oili liko ubavuni, chini, na faneli ya kawaida haisimami.

Dereva_Malaba:
Wewe ndiye hasa wa ile yenye shingo ya kupinda, ndugu. Isafishe kwa petroli kidogo baada ya kazi, iache ikauke kabisa. Simamisha pikipiki wima sehemu iliyo sawa, mimina polepole maana nyingi zinachukua karibu lita moja tu, ukizidisha umezidisha. Na usiweke oili ya gari. Klachi yako inaogelea humo humo kwenye oili, na oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi itaanza kuteleza. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA.