Wajukuu wa Bibi Mwanahawa 🇹🇿🇯🇵

ALHAMISI

Da Zuhura (Osaka): Asalam aleykum wanafamilia. Jumapili saa saba mchana wote kwangu, tunampokea wifi Nasra, na tunapika okonomiyaki wenyewe palepale mezani. Jumatatu mapumziko kwahiyo sitaki kusikia kazi kazi. Kila mtu aandike anacholeta

Da Zuhura: Naona tiki za bluu tu 👀

Salum: Waaleykum salaam dada. Nasra anauliza hicho ni chakula au karate

Mwajuma (Kobe): 😂😂😂

Da Zuhura: Okonomi ni upendavyo, yaki ni kuchoma. Mwambie kama ile pizza ya Forodhani ila haikunjwi na kabichi ndo nyingi kuliko unga

Salum: Yani rolex ya Uganda imeenda chuo

Da Zuhura: Salum niandikie unaleta nini

Da Zuhura: Haya sikilizeni kipimo maana mwaka jana mlipika uji. Kwa mtu mmoja unga gramu 50, dashi (ile supu ya samaki mkavu) mili 50, yai moja, kabichi gramu 150 imekatwa ndogo ndogo siyo ile ya kachumbari ya harusi, halafu kile kiazi kirefu chenye utelezi kama bamia unakikwangua unatia humo ndo kinaifanya iwe laini ndani, unachanganya kidogo tu uache, ukikoroga sana inakuwa ngumu, unamimina nene kidogo, dakika tano hivi kila upande na MSIIGANDAMIZE NA KIJIKO. Mwajuma kiazi vaa glavu, ulijikuna mpaka magharibi

Mwajuma: Sawa ila jamani Iddi wangu kamba wanamvimbisha, msije mkachanganya bakuli moja

Salum: Kamba ya kufungia mbuzi au ya kuanikia nguo

Salum: 🐐

Mwajuma: Salum sitanii. Hata zile chenga za tempura, yale makombo ya unga wa kukaanga, zingine zina kamba ndani

Salum: Mbuzi ndo katoroka sasa 😂

Da Zuhura: Wajapani juu wanatandika nguruwe, sisi ng'ombe. Mwajuma pitia lile duka la halali karibu na msikiti, wakukatie nyembamba kabisa. Ngisi nani? Hamisi sosi ni yako, Otafuku wanaoitengeneza si wa hukohuko Hiroshima, ile ina tende ndani. Leta yenye nembo ya halali. USIJE na ile ya Idd

Hamisi (Hiroshima): Dada hilo si tulilimaliza

Hamisi: Alafu huko kuchanganya kila kitu kwenye bakuli ni chakula cha mgonjwa. Huku kwetu tunapanga. Chini unga mwepesi kama chapati ya maji, juu mlima wa kabichi, tambi, mwisho unaigeuzia kwenye yai

Da Zuhura: "Huku kwetu" 😂 miaka mitatu tu ushakuwa mwenyeji. Tambi zako kapike kwako

Salum: Nimemwonyesha Nasra video, zile nyuzi za samaki mkavu zinavyocheza juu kwa mvuke. Kasema hawezi kula kitu bado kizima

Da Zuhura: Mwajuma na pleti ya umeme uje nayo

Mwajuma: Nilirudisha tangu Ramadhani

Da Zuhura: Uliyorudisha imechunika katikati, mligeuzia na kibati cha chuma, sasa hivi hata yai linashika. Nilinyamaza tu. Nilidhani utakuja na nyingine

Mwajuma: Ulinyamaza eeh. Basi na mi nisinyamaze. Pleti ya yeni elfu saba unaikumbuka, ila mabati ya paa la bibi niliyotoa peke yangu hakuna anayeyakumbuka humu

Hamisi: Mi nilituma

Mwajuma: Ulituma kwa nani?

Hamisi: We uliza nyumbani

Salum: (stika)

Da Zuhura: Salum huu si wakati

Baba Mkubwa (Tanga): Nimewasoma tangu asubuhi. Mabati yamefika nusu, yamelala kwa fundi. Vuli imeingia. Usiku wa jana bibi yenu amehamishia kitanda chake jikoni, na hakunituma niwaambie. Mpokeeni mgeni wenu, mle. Mkishakaa wote meza moja, nipigieni.

IJUMAA

Da Zuhura: Shikamoo Baba Mkubwa. Tumekusikia

Salum: Shikamoo Baba Mkubwa

Mwajuma: Shikamoo Baba Mkubwa. Samahani

Baba Mkubwa (Tanga): Marahaba.

Hamisi: Shikamoo Baba Mkubwa. Mi nafikiria, treni ya kasi ya Shinkansen kuja tu ni kama yeni elfu kumi, na kurudi je. Si bora hiyo hela niitume

Da Zuhura: Hamisi usijifiche nyuma ya bibi. Yapo mabasi ya usiku. Amesema WOTE

Hamisi: 👍

Da Zuhura: Hiyo dole ni ya basi au ya nini

Shemeji Kenji: Habari za asubuhi. Kamba hapana. Nimesoma. Mtoto Iddi atapata bakuli yake

Mwajuma: Asante shemeji, Mungu akubariki. Kumbe mwenye macho humu ni mmoja

Shemeji Kenji: Kabichi mbili au tatu?

Da Zuhura: Tatu. Na ule unga uliofunguliwa kabatini tupa, haukukaa kwenye friji unaingia wadudu wadogo huwaoni kwa macho. Nunua mpya

Salum: Nasra anaomba aje na wali kidogo wa nazi kwa tahadhari

Da Zuhura: Aje nao, huku Osaka wenyewe wanakula na wali

Mwajuma: Nyama nimeagiza kilo moja. Pleti ntaangalia, siahidi

Da Zuhura: Tutatumia kikaango basi. Ngisi bado hana mtu

Da Zuhura: Ngisi jamani

Hamisi: Ujumbe huu umefutwa

Da Zuhura: Umefuta nini Hamisi?