Tupeane uzoefu: fomu inapiga kazi kwenye laptopu, ukiiweka hewani inagoma

Wakuu, salaam. Juzi nimekesha siku mbili na fomu ya maombi ya kujiunga na shule, kazi ya mteja. Kwenye XAMPP (seva ya majaribio ndani ya laptopu) ilikuwa inapokea kila kitu. Nikaiweka hewani, mteja akajaza, ikamrudishia "Tafadhali andika jina lako". Na jina kaliandika. Nikachomeka var_dump($_POST), inayoonyesha data ya fomu iliyofika, juu kabisa ya faili la PHP: array(0). Hamna kitu.

Nikamtupia lawama mwenye seva. Kumbe action yangu (sehemu ya fomu inayosema data iende wapi) nilikuwa nimeiandika anwani nzima inayoanza na http://, na seva imepangwa kumhamishia kila mtu https kwa 301 (jibu la "anwani imehama"). Kivinjari kikituma POST (ombi linalobeba data ya fomu) kikajibiwa 301, huwa kinarudia ombi kama GET (la kuomba ukurasa tu), kwa hiyo alichojaza mteja kinaachwa njiani. Nimebakiza "tuma.php" tupu kwenye action, ikapita. Kinachoniuma ni kwamba ukibonyeza F12 ukaangalia upande wa mtandao, ile 301 ilikuwa imekaa pale muda wote, mimi niko bize nasoma kodi ya PHP.

Nyie yamewakuta yapi?

#2
Mimi faili nililiita Tuma.php, kwenye fomu nikaandika tuma.php. Windows haina neno na herufi kubwa. Linux ya seva ikanipa 404 (faili halipo) mbele ya mteja na bosi wake.

#3
Yangu aibu, ila poa. Fomu ya oda za duka. Mteja anapiga simu: haitumi. Naingia kwenye tovuti yenyewe, najaza, inatuma vizuri. Namwambia futa kashe. Anafuta, haitumi. Badilisha kivinjari, haitumi. Nikaanza kuamini mama wa watu hajui kutumia kompyuta. Siku ya tatu nikajaribu tena nikiwa sijawasha XAMPP, ikagoma na kwangu. Ndipo nikafungua kodi: action="http://localhost/duka/oda.php". Localhost ni kompyuta ile ile unayotumia, yaani tovuti iko hewani, lakini kila nikijaza, oda inaingia kwenye laptopu yangu mwenyewe. Na ya mteja ilikuwa inaitafuta XAMPP kwenye kompyuta yake.

#4
Kwangu ilikuwa barua pepe. mail(), amri ya PHP ya kutuma barua pepe, inarudisha true (ndiyo), mteja haoni kitu. Ile true maana yake seva imeupokea ujumbe iupeleke, haina maana umefika. Kwenye From (mtumaji) nilikuwa naweka anwani aliyojaza mgeni, ya Gmail, halafu inatumwa na seva isiyohusiana na Gmail. Upande wa pili wanaiona kama utapeli, inatupwa. Weka From ya domeni yako, ya mgeni iende Reply-To (anwani ya kujibiwa), na tumia PHPMailer, maktaba ya PHP ya kutuma barua pepe, kwa SMTP (njia ya kupitia seva ya barua pepe), bandari 587. Hiyo mail() mimi nimeshaachana nayo.

#5
Mleta mada, hiyo array tupu ina mlango mwingine. Fomu yangu ilikuwa na sehemu ya kupakia picha. Kwenye laptopu nilishapandisha post_max_size (kikomo cha ukubwa wa data ya fomu kwenye PHP) hadi 40M zamani, nikasahau. Seva ilikuwa na ile ya kawaida, 8M. Mtu akiweka picha tatu za simu, mzigo unazidi, na PHP haikati picha peke yake: $_POST na $_FILES (ya mafaili yaliyopakiwa) zote zinakuja tupu. Mbaya zaidi, asiyeweka picha anapita, kwa hiyo nikawa naambiwa "kwa wengine inafanya kazi". Siku hizi kabla ya kuandika mstari wowote naweka faili la phpinfo(), linaloonyesha mipangilio ya PHP, pande zote mbili nalinganisha, kisha nalifuta. Mlifute kweli, msiliache hewani.

#6 (mleta mada)
Mkuu #5, 8M sikuwa nimeiwaza kabisa, naenda kuangalia usiku huu. #3, zile oda zilizoingia kwenye laptopu ulizifanyaje?

#3
Bado zipo. "Jaribio", "jaribio 2", "asdf", na moja nimeagiza magunia 900 ya mchele.