Nasoma uhasibu, nataka saikolojia iwe somo langu dogo. Naombeni ushauri

Binti_Temeke: Habari za jioni wadau, wakubwa zangu shikamooni. Nipo mwaka wa pili, uhasibu, chuo kimoja hapa Dar. Kuanzia semista ijayo tunaruhusiwa kuchagua somo dogo la kusoma pembeni ya kozi kuu, na moyo wangu uko kwenye saikolojia. Nimeingia kipindi chao mara mbili bila kusajiliwa, nikatoka nimesahau hata njaa. Shida iko nyumbani. Baba mdogo ndiye anayenilipia ada inayobaki baada ya mkopo, na juzi kaniambia: "Saikolojia ni ya walimu na watu wa hospitali ya vichaa, Mirembe. Chukua kodi au kompyuta." Sitaki kumvunjia heshima, ila naumia kuacha kitu ninachokipenda eti kwa sababu nimeshindwa kukieleza. Mhasibu anapata faida gani hasa?

Afisa_Mikopo: Mdogo wangu, mimi nilisoma benki na fedha, saikolojia nikaichukua pembeni. Sasa nashughulika na mikopo ya wafanyabiashara wadogo Kariakoo na Tandika. Mwambie baba mdogo kwamba mmoja wa waliopewa Nobel ya uchumi mwaka 2002, Daniel Kahneman, alikuwa mwanasaikolojia. Yeye na mwanasaikolojia mwenzake, Amos Tversky, walionyesha mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza hela hutuuma kuliko inavyotufurahisha kupata kiasi hichohicho.

Hilo nimeliona kwa macho yangu. Kuna mama anauza khanga, alikuwa na marobota mawili yamemdodea. Doti alinunua 9,000, wateja wanatoa 7,500, hauzi ng'o. "Nikiuza nimekula hasara, mwanangu." Rejesho limechelewa wiki ya tatu. Zamani ningemwachia barua ya onyo nikaondoka. Siku ile nilikaa naye kwenye kibenchi, nikachukua daftari lake la madeni, upande mmoja nikaandika hela iliyolala kwenye yale marobota, upande wa pili khanga mpya ambazo hela hiyo ingenunua na kuzungushwa ndani ya mwezi. Akawa anafuatisha tarakimu kwa kidole, kimya. Kisha akamwita kijana wake azishushe zile khanga kutoka juu, azipange mbele. Uhasibu peke yake ungeniambia tu kwamba hajalipa.

Mama_Junior: Mimi nipo rasilimali watu, ofisi iko Posta. Kwenye usaili, kumuuliza kila mtu maswali yaleyale, na alama zikiwa zimepangwa kabla, kunatabiri vizuri zaidi nani ataiweza kazi kuliko mazungumzo ya "tueleze kuhusu wewe". Mwaka jana nilimpa kijana mmoja alama za juu. Usiku nikapitia karatasi zangu, majibu yake yalikuwa ya kawaida kabisa, ila tulikuwa tumeanza kwa kupiga stori za kwetu Same. Niliona aibu. Asubuhi nikawaomba wenzangu turudie kusahihisha wote. Bila yale niliyosoma chuoni nisingejishtukia. Nawe mwanangu ukija kuwa mkaguzi wa hesabu, utakaa na watu kuliko unavyodhani.

Mzee_wa_Kimara: Tusimpe binti matumaini yasiyokuwepo. Somo dogo halimfanyi mtu mwanasaikolojia. Kuhudumia wagonjwa kunataka masomo marefu na mafunzo chini ya usimamizi. Wala hutajua mtu anawaza nini kwa kumtazama usoni. Mwajiri wa mhasibu atakuuliza kwanza CPA, cheti cha uhasibu cha NBAA, bodi ya wahasibu, kwa hiyo kama una sapu (mitihani ya kurudia) za uhasibu, zimalize kabla ya yote. Ukiichukua, kimbilia saikolojia ya jamii, saikolojia ya kazini, na mbinu za utafiti. Humo kuna takwimu nyingi, wengi hawatarajii, lakini wewe namba huziogopi. Hapo utawazidi wenzako.

Mwaka_wa_Tatu: Mimi imenisaidia kwenye mitihani yenyewe. Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akaandika kwamba kusahau huenda kasi sana mwanzoni, halafu hupungua. Na mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kuwa wanafunzi waliojipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma tu. Basi nikipanda mwendokasi Kimara nafunga daftari, naandika kwenye karatasi tupu kila ninachokumbuka mpaka Magomeni, ndipo nafungua nione nilipokosea. Tangu hapo sijapata sapu.

Binti_Temeke: Asanteni sana, Mungu awabariki. Mzee wangu wa Kimara, sina sapu hata moja, na hizo kozi tatu nimeziandika. Jana usiku nilimpelekea baba mdogo chai, nikamsimulia habari ya yule mama wa khanga. Yeye ana duka la vipuri Gerezani. Alinyamaza muda mrefu, akauliza: "Sasa huyo mama alizishusha mpaka bei gani?" Sikuwa na jibu. Akasema nimletee orodha ya kozi aisome mwenyewe. Kaka Afisa, naomba unijibu hilo la bei, leo akitoka dukani ataniuliza tena.