Uliyewahi kuhudhuria maonyesho ya gemu za wanafunzi, tupeane uzoefu

Mwenye mada

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye maonyesho ya gemu za wanafunzi, mara yangu ya kwanza kukaa upande wa wenye meza. Hadi leo nikifumba macho naona mlango.

Mlango wenyewe uko kwenye gemu yetu. Ni wa kahawia, juu ya ukuta wa kahawia. Sisi wanne tumeupita kila siku kwa miezi mitano, hakuna aliyewahi kuutilia shaka. Mgeni wa kwanza akakaa, akavaa hedifoni, akamtembeza mhusika mpaka pale pale. Akageuka. Akarudi, akarukaruka ukutani, akageuka tena. Mimi nyuma yake nimeuma ulimi. Mwenzangu uvumilivu ukamshinda, akanyoosha kidole: "Hapo hapo, bonyeza." Mgeni akasema "aah, kumbe", akaipita ile hatua, akavua hedifoni na kuondoka zake.

Tukakubaliana anayefungua mdomo tena ananunua soda. Tukawa tunachora vijiti tu kwenye daftari. Kufikia jioni wamecheza watu 23, walioona mlango bila kuambiwa ni 4.

Waliowahi kuonyesha, au kwenda tu kucheza, mwageni na yenu.

Mchangiaji wa 2

Wewe angalau ulikuwa na mlango, mkuu. Sisi maadui walipotea.

Tulitumia Godot, injini (yaani programu) ya kutungia gemu, na siku zote tulikuwa tunaicheza gemu humo humo ndani ya injini, kwenye Windows. Usiku wa kuamkia maonyesho ndipo tukaitoa kama programu ya kujitegemea. Ikafunguka vizuri, muziki ukapiga, tukaenda kulala. Asubuhi mgeni anacheza, anatembea, anatembea tu. Hakuna adui hata mmoja!

Kisa ni herufi. Faili liliitwa "Adui", kwenye kodi (maandishi ya programu) tuliandika "adui". Windows haijali herufi kubwa na ndogo, lakini gemu ikishafungashwa, Godot inajali. Kosa la sekunde mbili kulirekebisha, ila aliyekuwa na kodi kwenye mashine yake alikuwa bado yuko njiani.

Saa nzima watu walicheza gemu ya vita isiyo na vita. Kuna dada mmoja alitusifu, akasema amependa utulivu wake. Tukamshukuru tu, tungefanyaje.

Mchangiaji wa 3

Mimi situngi gemu, nilikwenda na mpwa wangu wa miaka tisa. Ruhusa ya kulalamika ninayo?

Mnatusimamia kichwani. Mtu anashika pedi ya kuchezea, nyuma kuna vijana watatu wanapumua shingoni mwake, akikosea wanaangaliana. Mimi nilikimbia meza mbili kwa sababu hiyo. Halafu nyingine unaikuta mtu wa kabla yako kaiacha katikati, yuko kwenye pango, hana risasi, na wewe hata hujui kitufe cha kuruka ni kipi. Maelezo yalitoka mwanzo, mwanzo ulishapita.

Mpwa wangu aliipenda iliyokuwa ya hovyo kuliko zote kwa macho, miraba miwili inasukumana. Lakini unawasha, unasukuma, unacheka. Ilibidi nimbebe kuondoka pale.

Mchangiaji wa 4

Shangazi (au mjomba, samahani) hapo juu amesema kweli tupu. Nimeshiriki mara sita, na hilo la gemu kuachwa katikati dawa yake ni moja: pedi isipoguswa kwa sekunde 60 hivi, gemu ijirudishe mwanzo yenyewe. Na hatua ya kuonyeshea isizidi dakika tano. Ile hadithi yenu ndefu ya ufalme ulioanguka, hakuna mgeni atakayeisoma amesimama kwenye kelele.

Kelele nayo, kama ufunguo wa fumbo lenu ni sauti, ukumbini fumbo hilo limekufa. Wekeni maandishi.

Jambo lingine lilinikuta mimi. Vito vyetu vyekundu vilikuwa vinaua, vya kijani vinaponya. Mgeni akafa mara saba, nikamwona mzembe moyoni mwangu. Kumbe haoni tofauti ya rangi hizo mbili. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni kama mmoja kati ya 12. Siku hizi cha kuua nakichonga kwa pembe kali, cha kuponya ni duara.

Mchangiaji wa 5

Swali: waajiri huwa wanakuja kweli, au tunadanganyana?

Mchangiaji wa 4

Wanakuja. Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha DigiPen, Marekani, walionyesha gemu yao Narbacular Drop kwenye siku ya ajira chuoni kwao. Watu wa Valve, kampuni ya gemu, wakaiona, wakawaita ofisini, wakaajiri timu. Mwaka 2007 ikatoka gemu ya Valve, Portal, wazo ni lile lile.

Mchangiaji wa 2

Hiyo ni bahati ya mtende, mkuu, tusiwape watoto presha. Mimi nimepata kazi, ndiyo, ila si pale mezani. Nilimpata mchoraji wa meza ya jirani, tukatunga pamoja mwaka mzima, na huyo ndiye aliyekuja kunivuta.

Na kuonyeshana hivi si kwa leo. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT, Marekani, waliionyesha gemu yao Spacewar! kwa wageni wa chuo, kwenye kompyuta ya PDP-1. Swichi za mashine zilikuwa zinachosha viwiko, wakajitengenezea visanduku vya kuchezea. Yaani hata wao shida ilikuwa mikono ya mchezaji.

Mwenye mada

Asanteni sana, daftari limejaa. Hilo la sekunde 60 tumeshaliweka.

Mrejesho wa mlango: tumeuwekea taa juu. Jana nimemkalisha mama yangu mdogo, hajawahi kushika pedi maishani. Kaupita mlango kama kwake. Mbele ya mlango akadumbukia kwenye shimo ambalo sisi wanne hatujui limetoka wapi.