Pua imeziba upande mmoja tu, miezi 4 sasa

Wakuu naomba mawazo, mzee wangu ni seremala miaka 30, pua ya kushoto imeziba, asubuhi akipenga leso inatoka na damu, kapewa antibayotiki mara tatu na dawa ya aleji, wapi. Hii ni sainasi kweli?

Jibu 1: Pole sana. Aleji kawaida huziba pande zote, upande mmoja plus damu usichukulie poa. Vumbi la mbao ngumu linajulikana kuleta kansa humo ndani. Inaweza kuwa polipu tu (kinyama cha puani kisicho kansa), ila daktari wa masikio pua na koo amchungulie na kamera.

Jibu 2: Kipimo cha picha cha CT kinaonyesha mfupa kama umeliwa, kile cha MRI kama uvimbe umesogea kwenye jicho au ubongo, ila biopsi (kukata kipande kidogo kikapimwe maabara) ndo inasema ni nini, na majibu yasomwe na wataalamu wawili maana aina hizi adimu za kansa za puani zinafanana mno. Mama yangu alifanyiwa upasuaji kupitia puani kisha mionzi wiki 6, mdomo ulikauka balaa lakini yupo.

Muulizaji: Asanteni. Meno ya juu upande huohuo yanamuuma, kesho alitaka akang'oe

Jibu 2: Asing'oe kwanza! Huenda maumivu yanatoka hukohuko puani, mwambieni daktari na hilo.